Kwa Nini Tonbo Halikuvuka Bahari

Kamihirano, bonde la Mto Tenryu
Mwezi wa Tano, siku ya manyunyu

Mdogo wangu Yasuzo,

Salamu zangu zikufikie huko Tacoma kabla daktari wako hajakufikia. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa bado unapumua, maana stempu za ng'ambo zimepanda bei na sipendi kuwaandikia marehemu. Marehemu wetu wa hapa nyumbani nawasemesha bure kila asubuhi ninapowawekea wali na chai mbele ya picha zao, nao hawajawahi kunijibu, hata Baba ambaye alipokuwa hai hakunyamaza. Moyo wako unaendeleaje? Umeniandikia kwamba wamekutia kijichuma kifuani cha kuusukuma. Hongera basi, hatimaye umepata injini ya kuaminika. Na shemeji Noreen hajambo? Mwambie yule mzee wa meno mapengo, ambaye picha yake ameitundika ukutani kwenu, bado yuko, na mapengo yameongezeka.

Sisi huku wazima. Mke wangu Sumie ndiye mzima kupita wote: siku hizi ana vita na nyani wanaoshuka mlimani kula viazi vyake, na naona nyani wameanza kukata tamaa. Mimi macho yamepungua, masikio yamepungua, ila mdomo, kama asemavyo Sumie, umekataa kustaafu. Chai ya kwanza ya mwaka imekwisha kuchumwa. Tangu asubuhi ukungu umelala juu ya mashamba, vilima vinatokeza vichwa tu kama watu waliojitumbukiza kwenye maji ya moto ya kuogea, nami nimekaa hapa mlangoni na kalamu, sijui kama naandika au nasinzia. Ukiona mstari umekwenda kombo, ujue nilisinzia.

Barua yako ilifika siku tisa zilizopita. Nimeisoma mara tatu. Sumie aliisoma mara moja tu, akaikunja, akaniwekea gotini, akasema, "We Kanroku, huyu usimjibu kwa mizaha." Nikamwambia mizaha ndiyo lugha pekee niliyoisoma mpaka mwisho, hizo nyingine nilitolewa shule kabla hazijaisha. Hakucheka. Basi nitajaribu, lakini unanijua, mguu uliozoea kupepesuka haunyooki kwa siku moja.

Umeuliza jambo moja. Umesema umelibeba miaka thelathini na mitano, na sasa kwa kuwa daktari ameanza kukutazama kwa huruma unataka kulitua. Umeandika hivi: "Kaka, wewe ulikuwa ndani ya kiwanda. Niambie kweli. Kwa nini Sazanami hawakuuza Tonbo huku kwetu? Ni kwa sababu yangu?"

Nikakumbuka ule mwaka wa themanini na nne. Duka lako la magari la Tacoma, bendera ya kiwanda chetu cha Sazanami imelowa mvua, wewe ndani na tai yako, ukiwauzia wakata magogo vipikapu vyetu vilivyokuwa vinakohoa. Na ile orodha uliyonitumia nakala yake, ya watu thelathini na mmoja waliokuja wenyewe dukani kuuliza Tonbo, lile gari jekundu waliloliona gazetini, linakuja lini. Mwalimu mmoja, daktari wa meno wawili, mjane mmoja aliyesema amechoka kuendesha gari la marehemu. Uliyaandika majina kwa mwandiko ule wako mzuri ulionifanya nichapwe utotoni, maana mwalimu alikuwa akiuliza kwa nini kaka hawezi kama mdogo. Kisha makao makuu wakakuletea barua ya mstari mmoja: soko la huko bado halijawa tayari. Nawe ukaisoma kama mtu aliyezabwa kofi, ukaona soko ni wewe. Miaka miwili baadaye ulifunga duka, ukaenda kuuza matairi kwa mtu mwingine, na nyumbani hukukanyaga tena.

Ngoja kwanza nikusimulie juu ya gari lenyewe, maana wewe uliliona picha tu, na mimi nililipanda. Nalikumbuka Tonbo kuliko ninavyoikumbuka arusi yangu, na hili usimwambie mtu.

Nilikuwa kiongozi wa madereva wa majaribio. Kila asubuhi, kabla wachumaji chai hawajaanza, nilikuwa nalitoa langoni na kupanda nalo mlima, katikati ya miti mirefu, ukungu ukinipisha mbele na kufunga nyuma. Lilikuwa chini hivi kwamba ningenyoosha mkono ningechuma ua la kando ya barabara bila kuinama. Lilikuwa na viti viwili, na injini ilikaa nyuma ya mgongo ikinong'ona kama mtu anayekusimulia jambo huku amekushika mabega. Kwenye kona halikupinda, lilikuwa kama limeshawaza kupinda kabla yako. Kuna asubuhi nilifika kileleni nisikumbuke hata kona moja, nikazima injini nikakaa, mawingu yakipita chini ya miguu yangu, nikajiuliza kama nimeendesha au nimeendeshwa, au kama bado niko kitandani na haya yote ni Sumie anayenifunika blanketi. Ndipo bibi mmoja wa mashamba ya chai aliponipigia kelele kutoka gengeni, "We Kanroku! Umepanda beseni la kuogea?" Nikamjibu, "Ndiyo, Bibi, nakwenda juu kutafuta wa kunisugua mgongo!" Akanitupia kiatu. Ndivyo nilivyojua niko macho.

Kwa nini basi gari kama hilo lisivuke bahari? Watu wa magazeti wameandika sababu nyingi, na najua umezisoma zote, ukitafuta iliyo na jina lako. Walisema ni taa. Kweli, sheria ya huko ilitaka taa ziwe juu kiasi fulani kutoka ardhini, na macho ya Tonbo yalikuwa chini mno, kama mtoto anayechungulia meza ya wakubwa. Wahandisi walipoyainua mara ya kwanza, gari likawa chura mwenye jino linalouma. Walisema ni bampa. Kweli pia, sheria ilitaka bampa inayoweza kugongwa isione maumivu, na walipolifunga mpira ule mnene likawa bibi arusi ndani ya mabuti ya shambani. Walisema ni usukani. Huku tunakaa kulia, huko mnakaa kushoto, na kushoto ndiko bomba la moshi lilikopita. Ukihamisha bomba unahamisha tangi, ukihamisha tangi unahamisha kiti, ukihamisha kiti umemhamisha dereva, na dereva ni mimi, nikasema sihami. Walisema ni moshi, kwamba chujio la kusafisha moshi linalotakiwa kwenu lingelinyang'anya pumzi. Walisema nchi za theluji wanamwaga chumvi barabarani na bati la Tonbo lilikuwa jembamba kama karatasi tunayobandika milangoni huku kwetu. Walisema Mmarekani ni mkubwa. Hilo nililishuhudia: alikuja mgeni kutoka kwenu, akaingia vizuri, lakini kutoka ilibidi tumvute watu wawili, na kiatu kilibaki ndani.

Na walisema ni hesabu. Kabla ya kuuza gari katika nchi kama hiyo lazima uligonge ukutani, jipya, mbele ya mashahidi, uonyeshe aliyemo hatakufa. Na si moja. Siku walipogonga manne, mafundi walisimama safu moja wamevua kofia, kama mazishini. Kisha ugawe gharama ya ukuta huo kwa magari machache utakayouza, uone kila mnunuzi analipia vifo vingapi. Ndivyo magari ya namna hii yanavyobaki kwao, mdogo wangu, ulimwengu mzima. Hakuna anayeyachukia. Kila nchi ina mlango wa kimo chake, na gari dogo lina shingo moja tu ya kuinamisha.

Sababu hizo zote ni za kweli, Yasuzo. Na hakuna hata moja iliyo sababu.

Kufikia majira ya majani mekundu mwaka ule zote zilikuwa zimekwisha kutatuliwa. Fundi mmoja mkimya alilipinda bomba kama mkunga anayegeuza mtoto tumboni, na usukani ukakaa kushoto bila kumgusa mtu. Taa wakazifanya za kufunuka, zinazolala mchana na kuamka jioni, na uso ukabaki mzuri. Ndipo ikaandikwa karatasi ya kuomba idhini: Tonbo liuzwe Marekani, magari elfu mbili ya kwanza, kuanzia miji mitatu ya bandari ya magharibi. Mji wa pili ulikuwa Tacoma. Ulikuwa umechapwa pale kwa wino mweusi, na mbele yake jina la duka lako. Nililiona kwa macho haya yanayopungua.

Sasa wewe uliondoka hapa ukiwa mvaa ovaroli, hukuwahi kupewa muhuri, kwa hiyo nikufundishe. Karatasi kama ile haiamuliwi na mtu mmoja. Inatembea. Inaanzia chini, inapanda meza kwa meza, kila mkuu anagonga muhuri wa jina lake ndani ya kijisanduku chake mpaka ifike kwa mkurugenzi, na ikifika kwake imekwisha kuamuliwa na kila mtu wala haikuamuliwa na yeyote. Mdogo wa cheo akigonga, anaulaza muhuri kidogo upande wa mkubwa wake, ili hata jina lake liiname. Na kama hakubali lakini hathubutu kusema, anaugonga kichwa chini miguu juu. Basi. Hakuna anayemuuliza, maana kumuuliza ni kumvua nguo. Wanaona tu, na wanajua.

Karatasi ile ilikuwa na visanduku kumi na vinne. Changu kilikuwa cha tatu kutoka chini. Mihoko, yule karani mcheshi, aliniletea akasema, "Harakisha, Mzee, hii ni ya mdogo wako, ikipita nitakudai keki." Nikatoa muhuri, nikaubonyeza kwenye wino mwekundu, nikautazama kwa muda wa kumeza mate mara moja. Kisha nikaugeuza, nikaugonga kichwa chini.

Usidhani nilipitiwa. Miaka mingi nimekuwa nikijidanganya kwamba niliushika vibaya, kwamba nilikuwa na usingizi, kwamba Mihoko alinichekesha. Hata Sumie nilimwambia hivyo, mara moja, nikiwa nimelewa. Leo nakwambia wewe: sikupitiwa.

Wa juu yangu alikuwa mkuu wa breki. Alipoona mtu anayelipanda gari lile kila siku amegeuza muhuri, alifikiri nini? Kwamba najua jambo. Kwamba kule mlimani, kwenye mwendo mkali, Tonbo lina siri ya kuua, na ninaona haya kuisema. Akageuza wa kwake, asije akabaki peke yake na maiti. Wa injini akageuza. Wa mauzo, ambaye hajui breki wala injini, akageuza kwa adabu. Mihoko aliniambia baadaye kwamba karatasi ilipofika ghorofa ya juu majina yote ya juu ya langu yalikuwa yananing'inia kama popo darini. Mkurugenzi akaitazama sana. Hakumwita mtu. Akaamuru uandikwe ule mstari mmoja, maana ni mstari usiomuumiza mtu, akafikiri. Na zile sababu za taa na bampa, zilizokwisha kutatuliwa, zikatolewa kabatini zikavishwa upya wapewe watu wa magazeti.

Mtu mmoja alijaribu kuuliza, Bwana Hirukawa, mkuu wetu wa majaribio, mtu mwema. Alinipeleka kula samaki mkunga wa kuchoma mchana wa Jumamosi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akazunguka na maneno mpaka sahani zikaondolewa, kisha akasema, "Bwana Kanroku, upepo wa kule mlimani siku hizi ukoje?" Hapo ndipo ningeweza kuinyoosha yote. Ningesema, upepo safi, Bwana, mkono uliniteleza, niletee karatasi. Nikasema, "Upepo ni upepo." Akatikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu aliyethibitishiwa msiba, akalipa.

Sasa utauliza kwa nini.

Masika ya mwaka ule ulimwandikia Mama. Uliandika maneno mengi ya hali ya hewa na mwishoni ukatia utani: "Kama Tonbo halitakuja huku, basi nitarudi mwenyewe kuliendesha hapo nyumbani, nimpakie Mama tukatazame maua." Wewe ulikuwa unatania. Utani umeupata kwangu, na hujui kuutumia. Mama aliiweka barua ile mbele ya picha ya Baba, na kesho yake akatoa godoro lako kabatini. Lilikuwa na miaka kumi na minne halijaguswa. Akalitandaza juani ukingoni mwa baraza, akalipiga kwa fimbo mpaka vumbi likamficha. Tangu hapo kila siku ya jua alilitoa. Ukimuuliza, anasema godoro likikaa sana linaota ukungu. Hakusema jina lako. Unamjua.

Asubuhi ile ya muhuri nilipita nyumbani na Tonbo, kinyume cha kanuni, nikamkuta anapiga godoro. Alikuwa amekuwa mfupi, Yasuzo. Godoro lilikuwa kubwa kuliko yeye. Akalitazama gari, akasema tu, "Ndilo hilo? Viti viwili. Vinatosha." Nikaenda kazini, na karatasi ikanikuta mezani.

Nilidhani nikilizuia gari, utalifuata. Ndiyo hesabu yote, kasome tena uone kama kuna zaidi. Na ukiniuliza kwa nini sikukuandikia tu maneno matatu, rudi, Mama anakungoja, nitakwambia katika nyumba yetu mambo hayo hayasemwi. Yanapangwa. Nami nilipanga, nikapanga vizuri sana, nikasahau kwamba niliyempangia ni mtoto wa mama yule yule. Wewe ulipopewa ule mstari mmoja, ukaona umeshindwa, na mtu wa kwetu aliyeshindwa harudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo muhuri niliougonga ili urudi ndio uliokuzuia kurudi. Mama alilianika godoro miaka saba. Siku ya mwisho lilikuwa bado liko nje, mvua ikaanza, Sumie akaenda kuliingiza, aliporudi chumbani Mama alikuwa amekwisha kwenda. Hilo sikuliandika kwenye barua ya msiba. Niliandika kwamba alikwenda kwa amani, na kwamba usijisumbue kuja kwa sababu ya gharama. Ya gharama ilikuwa uongo. Niliogopa kukutazama usoni.

Basi jibu lako ni hili, lisome mara tatu kama nilivyosoma lako. Si wewe. Hukupungukiwa na kitu. Wale thelathini na mmoja walikuwa watu kweli, soko lilikuwa tayari, na duka lilikuwa na jina lake mahali pake. Aliyekufungia duka ni kaka yako, kwa mkono wake wa kulia. Ukitaka kulia, lia. Ukitaka kutukana, tukana kwa Kijapani, nimesikia matusi ya huko hayana ladha.

Nilipomsomea Sumie mpaka hapa aliwasahau nyani, nao wakapata nafasi wakala viazi. Kisha akasema, "Itume. Halafu uifuate." Nikamwambia nina miaka sabini na tisa na leseni ya udereva nimeirudisha polisi mwaka jana, wakanipa cheti na kuponi ya teksi. Akaniambia ndege haiendeshwi na abiria, mpumbavu wewe. Ni kweli. Nimezunguka njia ya majaribio miaka thelathini, wamenihesabia kilomita za kuizunguka dunia mara kadhaa, na siku zote nilitokea lango lile lile. Nilingoja uje, nikakasirika hukuja, na haikunijia hata siku moja kwamba barabara ina pande mbili.

Nitafika Tacoma tarehe kumi na moja ya mwezi ujao, mchana. Gari sikuletei, Tonbo la mwisho lilisagwa chuma chakavu zamani. Naleta chai na mdomo. Usije uwanja wa ndege na moyo huo wa kusukumwa, nitachukua teksi na kuonyesha anwani kama bubu. Nitagonga mlango wako. Ukifungua, nitaingia. Usipofungua, nitakaa kwenye ngazi mpaka jioni, kisha kesho yake nitarudi kukaa tena, na kesho yake, na shemeji Noreen asiniletee kiti. Nina siku tisini za kibali cha kukaa huko na sina kazi nyingine.

Msalimie sana shemeji. Sumie anakusalimu, anasema yeye hakuwahi kuamini ile habari ya kupitiwa. Mimi nakusalimu kwa kukuinamia, na safari hii si kwa adabu.

Ni mimi kaka yako mkubwa,
Isogai Kanroku